Keria ya Sentimita Nne

Saa tatu na dakika saba asubuhi, siku ya Jumatano, chuma kiligonga chuma juu ya kichwa changu na gari likazimika. Dakika naijua kwa sababu nina tabia ya kutazama saa kabla sijatazama jambo lenyewe. Nilitazama saa ya dashibodi, nikavuta hendibreki, ndipo nikashuka.

Nilikuwa kwenye lango la kiwanda kidogo cha kuchenjulia dhahabu, nje kidogo ya mji wa Geita. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimeingia hapo kila mwezi kuhudumia pampu za visima sita vya maji. Sasa juu ya lango kulikuwa na bomba nene la chuma, limechomelewa kutoka nguzo hadi nguzo, halijapakwa rangi. Keria yangu ya kubebea mizigo juu ya paa, ile ya dukani yenye miguu mirefu na ukuta wa kuizunguka, ilikuwa imekunjika kwa nyuma kama mtu aliyepigwa kifuani. Miguu yake miwili ya mbele ilikuwa imeng'oka na kuchana rangi ya paa.

Mlinzi alikuwa amesimama mita tano kutoka hapo, mikono kifuani.

"Hili bomba limewekwa lini?" nilimuuliza.

"Juzi."

"Na uliniona nikija?"

"Nilikuona."

"Hukuninyooshea hata mkono?"

"Nilidhani umeliona. Si unajulikana kwa kupima?"

Mwenye kiwanda alikuja na kikombe cha chai mkononi, akaitazama keria yangu, akalitazama bomba lake kuhakikisha halijapinda. Alieleza bila kuomba radhi. Malori yalikuwa yakiingia na kumwibia marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa mara moja lakini bado una dhahabu ndani yake. Tangu juzi lori haliingii tena. Wabebaji nao hataki kuwaona, kwa sababu mbebaji akishaingia mara mbili anajua kila kitu kilipo. Anataka gari moja, dereva, na msaidizi mmoja, wafike mpaka kisimani na mabomba yao.

"Mkataba wako unaisha mwezi huu," alisema. "Kuna jamaa wa Buseresere ameuomba. Naye keria yake haipiti hapa. Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, njooni wote wawili na mzigo kamili. Atakayepita ndiye atakayepewa visima."

Visima vile sita vilikuwa nusu ya kipato chetu, na nusu ya pili ilikuwa genge la mboga la mke wangu pale Nyasubi, mjini Kahama. Nilitoa tepu, nikapanda kwenye boneti ya gari langu mwenyewe na kupima kutoka chini ya lile bomba hadi ardhini. Sentimita mia mbili na tano. Nilipima mara tatu, kushoto, katikati na kulia. Mlinzi alicheka puani.

Siku ya pili nilikaa na daftari. Sikusoma zaidi ya kidato cha pili. Kazi ya pampu nilijifunza kwa vitabu vya maelekezo vinavyokuja ndani ya maboksi, na kwa kufungua mashine za watu zilizokwisha kufa. Kwa hiyo siamini kitu ambacho sijakipima. Nilijaza tangi la mafuta, nikapakia pampu na sanduku la spana, nikamkalisha mke wangu kiti cha mbele, halafu nikapima urefu wa gari likiwa limelemewa. Sehemu ya juu kabisa ya paa ilikuwa sentimita mia na themanini na nne.

"Nimeacha nyanya zangu juani nije kuwa jiwe la mizani," alisema mke wangu kutoka ndani.

"Dakika mbili, Mama Watoto."

"Umesema hivyo dakika kumi zilizopita, na wewe ndiye mwenye saa."

Mia mbili na tano kutoa mia na themanini na nne ni ishirini na moja. Katika sentimita hizo ishirini na moja ilinipasa kuweka keria, mabomba kumi ya kushushia pampu kisimani, na mikanda ya kuyafunga. Bomba moja lina urefu wa mita tatu, haliingii ndani ya gari, na halikatwi kwa sababu ncha zake zina nyuzi za kuunganishia. Unene wake ni sentimita sita. Matano chini, matano juu, ni kumi na mbili. Mkanda na kifungo chake, moja. Gari likipita kwenye shimo linaruka, kwa hiyo nilitaka nne za usalama. Keria yenyewe ilibakiwa na sentimita nne, kutoka kwenye paa hadi mgongo wake.

Kwa wasiojua: keria za kwetu ni kama kitanda kilichopandishwa juu ya gari. Mihimili inakwenda kwa upana, halafu juu yake zinapangwa fito za chuma, halafu ukuta, halafu ngazi ya nyuma ya kujionesha. Mimi nilichora kitu kingine. Mihimili minne ya bomba la mraba la inchi moja, yaani sentimita mbili na nusu. Fito ziingie katikati ya mihimili, zisikae juu yake, ili mgongo wote uwe usawa mmoja. Miguu minane mifupi ishike mfereji wa maji ya mvua pembeni mwa paa. Paa si tambarare; kwa mpira wa maji wanaotumia waashi kupimia usawa niligundua katikati limenyanyuka sentimita mbili na milimita tatu kuliko pembeni, kwa hiyo urefu wa miguu niliuhesabu kutokea hapo katikati, nafasi ikabaki sentimita moja na nusu. Pembe ya mbele kushoto niliikata mshazari kupisha antena. Nilikata boksi la friji kwa vipimo hivyo, nikaliweka juu ya paa, likakaa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchagua fundi kwa kutazama mshono wake.

Katika mtaa wetu wako wachomeleaji wengi wa magrili na milango, lakini mmoja tu ndiye mshono wake unatoka mwembamba na sawa kama uliopigwa cherehani. Ni Mzaramo, amekuja Kahama zamani kuifuata dhahabu, dhahabu ikamkataa, akabaki na mashine ya kuchomelea. Ni mkubwa kwangu kwa miaka kama minane. Mimi ni Msukuma. Wasukuma na Wazaramo ni watani, na utani maana yake ni kwamba anaweza kunitukana mbele za watu, kuchukua kofia yangu na kuivaa, kulala mbele ya jeneza la baba yangu akidai alipwe, na mimi siruhusiwi kukasirika. Nami naruhusiwa kumfanyia vivyo hivyo. Baba yangu alikuwa hodari wa mchezo huo. Mimi sina kipaji nao. Nikitukanwa, jibu linanijia kesho yake mchana.

Isitoshe, kulikuwa na jambo kati yetu. Miaka miwili kabla ya hapo fundi huyo alitengeneza kichanja cha tanki la maji kwenye nyumba moja ya wageni. Mwenye nyumba aliniita nifunge pampu, nikaona miguu ya kichanja ni myembamba kwa uzito wa tanki lililojaa, nikamwandikia nusu ukurasa wa mahesabu. Fundi alilazimika kukivunja na kukijenga upya kwa chuma chake mwenyewe. Mahesabu yangu yalikuwa sahihi. Sijawahi kusikia kwamba usahihi uliwahi kumpoza mtu.

Ijumaa nilimpelekea mchoro.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwangaluka! Ng'ombe hawajambo?"

"Sina ng'ombe."

"Msukuma hana ng'ombe! Jamani njooni muone, huyu kaibiwa mpaka kabila." Mafundi wa jirani wakacheka. Aliuchukua mchoro, akaugeuza juu chini. "Hii ni nini? Hati ya shamba?"

"Keria. Vipimo vyote vimo. Naomba usibadili hata kimoja."

"Inchi moja? Nikujengee keria ya inchi moja? Hiyo ni ya kuanikia dagaa, mjukuu wangu. Ukipanda juu na hilo tumbo la michembe, viazi vyenu vya kukausha, inakukunja kama chapati."

"Sitapanda juu. Mzigo ni kilo arobaini. Nimehesabu."

Alinitazama pale niliposema neno hilo la mwisho. Meno yake yalikuwa bado yanacheka lakini macho yalikuwa yameacha. "Umehesabu," alisema. "Haya. Acha na laki moja na nusu ya kuanzia. Jumatatu njoo."

Jumatatu saa nne nilikwenda na tepu. Keria ilikuwa juu ya mawe mawili, imepakwa rangi nyeusi, mshono wake mzuri kuliko nilivyotegemea. Pembe ya kushoto ilikatwa mshazari kama nilivyochora. Nikapima mihimili. Inchi moja na nusu. Nikapima fito. Zilikuwa zimechomelewa juu ya mihimili. Nikapima miguu. Ilikuwa imeongezwa ili nafasi juu ya paa iwe sentimita tatu. Nikaandika kwenye daftari nikiwa nimechuchumaa: tatu, na tatu nukta nane, na mbili na nusu. Tisa na milimita tatu. Ukiongeza mabomba na mkanda unapata ishirini na mbili na milimita tatu, na mimi nilikuwa na ishirini na moja.

"Haipiti," nilisema.

"Inapita wapi?"

"Langoni. Imezidi sentimita moja na milimita tatu."

Alicheka kweli kweli, akaketi kwenye ndoo. "Jamani! Mtani wangu keria imemzidi milimita tatu! Hiyo si milimita, hiyo ni ndevu. Nyoa!" Watu wakaanza kusogea, wachomeleaji, mwuza mitumba, kina mama wa genge la jirani. Mtaani kwetu utani ni burudani isiyo na kiingilio.

"Nilikuandikia inchi moja."

"Na ikianguka barabarani pamoja na jina langu, utaniandikia jipya? Mwaka juzi uliniambia chuma changu chembamba. Leo nimekuwekea kinene, unalia. Msukuma anataka nini?"

"Ninataka nilichochora. Irudie."

"Ikomboe kwanza."

Alisimama, akaibeba keria peke yake kwa mkono mmoja, akaitundika kwenye mti wa mwarobaini mbele ya karakana. Akamwita mama muuza dagaa, akachukua sinia lake lote na kulimwaga juu ya fito. "Imekamatwa!" alitangaza. "Mtani kaidharau kazi yangu mbele ya watu. Aniletee jogoo. Mwekundu. Tumle hapa hapa, ndipo nishike grenda ya kukatia."

Watu walishangilia. Mtu mmoja alinipiga bega, akaniambia, "Mletee huyo jogoo, baba, ucheke." Nilijua ndivyo inavyofanywa. Nilijua pia kwamba jogoo ni elfu ishirini na tano sokoni Nyasubi, tena wa kuchagua. Nilifunga daftari na kuondoka, na nyuma yangu nilisikia yule Mzaramo akiiga mwendo wangu, kwa sababu vicheko vilikuwa vikipanda na kushuka kwa hatua zangu.

Mke wangu alikuwa amekwisha kusikia kabla sijafika nyumbani.

"Nimekutafutia jogoo kwa mwenzangu wa kuku," alisema. "Mwekundu. Nimeweka pembeni."

"Simpi jogoo mtu aliyeharibu kazi."

"Hakuna anayekwambia umpe kwa ajili ya kazi. Unampa kwa ajili ya utani. Mkishakula ataikata hiyo inchi yako mpaka iwe uzi."

"Akishakula atajua kwamba vipimo vyangu vinanunuliwa kwa kuku."

"Baba Watoto, wewe unashindana na nani? Mtani hashindwi. Ndiyo maana akaitwa mtani."

Jumanne nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Nilimwekea mezani nakala ya mchoro, vipimo vilivyokosewa kwa wino mwekundu, na karatasi ya malipo ya awali yenye sahihi ya fundi. Alivisoma kwa heshima mpaka akafika kwenye jina la fundi.

"Huyu si Mzaramo?"

"Ndiye."

"Na wewe?"

Hakusubiri nijibu. Alisukuma karatasi zangu kuelekea upande wangu kwa kidole kimoja. "Mzee wangu, ofisi hii inashughulika na mipaka ya viwanja na watu wanaopigana. Nikimwita mtu hapa kwa kosa la utani, mimi ndiye nitakayehamishwa mtaa. Mpelekee kuku."

Nilipotoka pale nilifanya jambo ambalo mtu wa kwetu hafanyi. Nilimwandikia mtani wangu barua rasmi. Niliiandika kwa mkono wangu mzuri, yenye anwani, tarehe na kichwa cha habari kilichopigiwa mstari. Nilieleza mapungufu kwa namba, moja hadi nne. Kisha nikaandika sentensi ambayo niliifikiria kwa muda na kuona ni kali na kamili: endapo keria haitarekebishwa kufikia Jumatano saa kumi jioni, mimi sitaihitaji tena na sitakuwa na dai lolote juu yake zaidi ya kurudishiwa fedha yangu. Nikaweka sahihi. Niliona kwamba nimemfunga pande zote.

Niliipeleka mwenyewe. Dagaa walikuwa wameondolewa, lakini keria ilikuwa bado inaning'inia mwarobaini. Fundi aliipokea bahasha akicheka, akaifungua mbele ya wenzake, akaanza kusoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. "Yah: mapungufu ya keria!" Watu wakacheka. Akasoma namba moja, wakacheka. Akasoma namba mbili, wakacheka kidogo. Alipofika kwenye sahihi alikuwa anasoma kimoyomoyo, na karakana nzima ilikuwa kimya isipokuwa jenereta.

"Umeniandikia barua," alisema.

"Nimekuandikia."

"Mimi. Barua. Yenye tarehe." Aliikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati na kuubonyeza kwa kiganja. "Mwaka juzi ulimwandikia mwenye nyumba ya wageni. Nilisema, huyu mtani wangu, ana kichaa cha karatasi, nitamla jogoo siku moja yataisha. Nimengoja miaka miwili nimle jogoo wako."

Nilifungua daftari, nikalifunga. Hata lile jibu langu la kesho yake mchana halikuja.

"Basi tusitaniane tena," alisema. Hakupaza sauti. "Tangu leo mimi ni fundi na wewe ni mteja. Nenda, mteja. Saa kumi kesho haiko mbali."

Kuna matusi mengi niliyowahi kutukanwa na mtu yule, ya mama, ya ng'ombe, ya ukoo mzima. Neno mteja ndilo pekee lililonifanya nitembee haraka.

Jumatano saa kumi ikafika, ikapita. Sikwenda kutazama. Nilikuwa nimekwisha kuamua kuijenga mwenyewe, bila moto, kwa alumini.

Wanaotengeneza madirisha ya alumini huwa na vipande vilivyobaki, virefu na vifupi, na kimoja kati ya hivyo ni bomba bapa la sentimita tano kwa mbili na nusu. Likilazwa ubapa linakupa zile mbili na nusu zangu, tena jepesi kuliko chuma. Alhamisi nilinunua ya kutosha mihimili mitano, mmoja zaidi ya ile ya mchoro, kwa sababu alumini ni laini. Fito niliziingiza kati ya mihimili kwa vipande vya pembe vilivyotobolewa, nikafunga kwa bolti zisizoshika kutu na nati zenye mpira ndani ili zisilegee kwenye barabara ya kokoto. Miguu kumi niliikata kwenye bamba la milimita nne na kuikunja kwa jiriwa ninalobania pampu, ikaushika mfereji wa mvua kutoka chini kwa kulabu. Chini ya kila mguu niliweka kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli ili rangi isichubuke.

Mke wangu alishika spana upande wa chini, mimi upande wa juu. Tulifanya kazi Alhamisi mpaka magharibi na Ijumaa nzima, na katika muda huo wote alisema maneno machache sana, yote ya kazi: kaza, acha, imeteleza, nyingine. Mara moja tu alisimama akanyoosha mgongo. "Jogoo nimemchinja," alisema. "Watoto watakula Jumapili. Usiniulize kuhusu jogoo tena." Sikuwa nimemwuliza.

Ijumaa saa kumi na moja jioni nilipima kutoka paa hadi mgongo wa keria, sehemu tisa za mstari wa katikati. Sehemu nane zilikuwa sentimita nne kamili. Moja ilikuwa nne na milimita moja, nikailegeza bolti na kuirudisha. Nilipakia mabomba kumi, nikafunga, nikazunguka mtaa kwa mwendo wa kasi juu ya matuta, nikarudi nikapima tena. Haikusogea. Nakiri kwamba nilisimama nikiitazama kwa muda. Kutoka mbali haikuonekana kabisa; ilionekana kama mabomba yamelala juu ya paa yenyewe tu. Kwa kazi ya aina ile hakuna sifa kubwa zaidi.

Jumamosi tulitoka alfajiri, mimi na mke wangu, yeye akiwa ndiye msaidizi mmoja aliyeruhusiwa. Saa nne kasoro dakika ishirini tulikuwa langoni. Mlinzi alikuwa amekata mti mrefu na kuuwekea alama ya wino kwenye sentimita mia mbili na tano. Nadhani aliambiwa aache kucheka, apime. Mwenye kiwanda alikuja na chai yake.

"Pita," alisema.

Nilipita kwa gia ya kwanza. Mke wangu alitoa kichwa dirishani akitazama juu, akaniita hatua kwa hatua: bado, bado, linapita, limepita. Bomba la lango halikugusa hata kifungo cha mkanda. Nikaendesha hadi kisima cha mwisho, nikageuza, nikarudi karibu na lango na kuzima gari. Mwenye kiwanda alitikisa kichwa kwa kuridhika, nami nikahisi kifua kikifunguka kwa mara ya kwanza katika siku kumi.

Jamaa wa Buseresere alifika saa nne na dakika tatu. Ni kijana wa miaka thelathini na ushei, msafi, ana adabu. Anaendesha gari la familia la chini kidogo kuliko langu. Kwa macho nilikadiria paa lake ni sentimita mia na sabini na nane. Juu yake kulikuwa na keria nyeusi, na juu ya keria mabomba kumi, matano chini na matano juu. Mlinzi alisimamisha mti wake. Gari likapita bila hata kupunguza mwendo, likaja kusimama pembeni ya langu.

Nilikwenda kuitazama keria yake. Mshono wake ulikuwa mwembamba na sawa. Mihimili ilikuwa ya inchi moja na nusu, fito juu yake, miguu imesogezwa ndani na kuchomelewa upya. Pembe ya mbele kushoto ilikuwa imekatwa mshazari kupisha antena, na gari lile halikuwa na antena upande huo.

"Shikamoo, mzee," alisema yule kijana.

"Marahaba. Keria umeinunua lini?"

"Juzi Alhamisi, Kahama. Nilikwenda kufuata vipuri, nikaiona mtini. Niliuliza kama ina mwenyewe, fundi akanionesha barua. Nikaisoma mwenyewe, nikaona imeandikwa vizuri kabisa, mwenyewe haihitaji." Akanitazama, na nadhani ndipo alipoelewa, kwa sababu aliondoa mkono wake juu ya keria. "Niliuliza, mzee. Sikuchukua hivi hivi."

"Ulifanya vizuri kuuliza," nilisema.

Mke wangu alikuwa amesimama kando yangu. Alikwenda kukaa ndani ya gari na kufunga mlango.

Nilihesabu kwa kichwa pale pale, sikuweza kujizuia. Mia na sabini na nane, ongeza ishirini na mbili na milimita tatu. Alikuwa na nafasi ya sentimita nne na milimita saba. Kazi niliyoikataa kwa kuwa nene mno ilikuwa imempitisha yeye kwa usalama zaidi ya niliopita nao mimi kwenye kazi yangu kamilifu.

Mwenye kiwanda alimaliza chai yake, akamwaga machicha chini. "Wote mmepita," alisema. "Nilisema atakayepita nitampa. Sina sababu ya kumnyima mmoja. Vitatu vyako, vitatu vyake."

Nilimwambia mimi nimehudumia visima vyote sita kwa miaka mitatu na sijawahi kuchelewa hata siku moja. Akasema anajua. Nilimwambia keria ile ni mchoro wangu. Akauliza kama nina karatasi ya kuthibitisha; nakala ya mchoro nilikuwa nimeiacha Kahama, na kijana wa Buseresere akatazama viatu vyake, kwa sababu karatasi pekee aliyoiona yeye ilisema mwenyewe haihitaji.

Tulisaini mikataba yetu juu ya boneti ya gari langu, kila mmoja wake. Kisima kimoja ni elfu sitini kwa mwezi. Vitatu nilivyoviacha langoni, kwa miezi kumi na miwili, ni shilingi milioni mbili, laki moja na elfu sitini.